Tola, Simbi na Muhogo: Sisi na Mataifa ya Kale

(Maneno haya yalisemwa na karani mmoja wa mgodi katika mkutano wa jioni pale Lubondja. Wengi waliokosa kufika wametuomba tuyachapishe, nasi twayatoa hapa jinsi alivyoyasema.)



Mwenyekiti aliponiomba niseme habari za mataifa ya kale, nilimjibu kwamba mimi si mwalimu. Mimi ni karani. Nilisoma segondari ya misioni, nikapata Kifaransa na hesabu, na tangu hapo kazi yangu ni mizani na daftari. Akaniambia, "Basi useme kama karani." Ndivyo nitakavyofanya, na mkiona nimekosa katika hesabu, nisahihisheni.

Jambo lenyewe lilianza na ugomvi. Siku moja ya kupima, vijana wawili walikuwa mbele ya meza yangu, na dhahabu yao mezani haijapimwa bado. Mmoja akasema, "Sisi watu wa bara hatukuwa na jambo lolote. Tulikaa tu msituni mpaka wageni walipokuja kutuamsha." Mwenzake akawaka kwa hasira, akatoa simu yake na kumwonyesha picha. "Mwongo wewe! Wahenga wetu ndio waliojenga miji yote ya dunia. Walifika Amerika, walifika China, wakawafundisha watu wote kazi." Nusura wapigane. Kisha wakanigeukia mimi: "Karani, wewe umesoma. Nani kasema kweli?"

Siku ile sikuwajibu. Leo nawajibu. Ndugu zangu, wote wawili waliweka maneno mezani bila mizani. Wa kwanza alipunguza uzito, wa pili aliuzidisha. Na ninyi mwajua kwamba mizani inayozidisha ni mbovu sawasawa na ile inayopunguza.

Karani hapokei neno tupu. Mtu akija na habari, humwuliza maswali matatu: Kitu chenyewe ni kipi? Kilionekana wapi? Kiliingia lini? Akijibu yote matatu, naandika. Akishindwa, namwambia arudi kesho. Twende basi na maswali hayo, tuone sisi tulihusiana vipi na mataifa ya kale ya mabara mengine.

Tuanze hapo hapo mezani. Mnaponiletea dhahabu, mwaniambia, "Karani, nipimie tola." Tola ni neno la nani? Si la Kibembe, wala si la Kifaransa. Ni neno la Uhindi. Asili yake ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale sana ya huko, lenye maana ya mizani. Katika karne ya 19 Waingereza waliokuwa wakitawala Uhindi waliikata tola iwe uzito mmoja kila mahali, karibu gramu 11.66, na rupia ya fedha ilikuwa na uzito huo huo wa tola moja. Rupia hiyo ilitumika pwani ya Unguja na Bagamoyo, na wafanyabiashara wa pwani wakaieneza bara. Leo mchimbaji wa Lubondja, ambaye hajaona bahari hata siku moja, hupima kazi ya mikono yake kwa neno lililotungwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kitu kipo, mahali papo, na wakati wajulikana. Naandika.

Sasa twende nyumbani, tuingie jikoni kwa akina mama. Jioni hii wengi wenu mtakula bugali wa muhogo na sombe. Muhogo tumeuzoea hata twaudhani ni ndugu wa milima yetu. La, ndugu zangu. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wenyeji wa kule waliulima maelfu ya miaka kabla yetu, nao ndio waliogundua jinsi ya kuondoa sumu ya muhogo mchungu kwa kuloweka, kukamua na kukausha. Mahindi nayo yalifugwa na wakulima wa Mexico. Wareno walivileta vyakula hivi katika Afrika tangu karne ya 16, na baada ya hapo Waafrika wenyewe walivipitisha kijiji kwa kijiji. Hakuna mzungu aliyekuja hapa kumwonyesha bibi yako shamba la kwanza. Mbegu ilitoka kwa jirani, naye jirani aliipata kwa jirani yake.

Na ndizi? Ndizi ni kongwe zaidi katika Afrika. Mgomba ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya New Guinea, na ulifika kwetu zamani, kabla ya Mreno yeyote kuiona bahari yetu. Kuku pia asili yake ni Asia. Na mkitaka kujua watu wa Asia waliwezaje kufika huku, tazameni Madagaska. Lugha ya Kimalagasi ni ndugu wa lugha za kisiwa cha Borneo, mbali sana huko mashariki. Watu wale walivuka bahari nzima kwa vyombo vyao, wakakaa, wakaoana na Waafrika, na leo ni taifa moja.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kwanza, wewe uliyesema tulikaa tu msituni, kila jioni unakula ushahidi wa kukukanusha. Mtu aliyejifungia peke yake hali muhogo wa Amerika pamoja na ndizi ya Asia.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma, na wazee waniwie radhi.

Babu yangu alikuwa mtu wa Bwami. Wazee mnaijua Bwami, chama cha heshima cha Wabembe na Walega, chenye daraja zake na mafundisho yake. Wakoloni wa Kibelgiji waliipiga marufuku, lakini watu waliificha na kuilinda. Babu alikuwa na kofia iliyoshonwa simbi, hizi ambazo watu wa pwani huziita kauri. Alipofariki, kofia ilibaki nyumbani. Mimi nilikuwa kijana wa shule, nikaiona kuwa ni uchafu wa zamani, na nilikuwa na haja ya viatu. Akapita mnunuzi. Nikampa kofia, akanipa fedha. Viatu vile sikumaliza navyo hata mwaka.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba simbi hazizaliwi katika ziwa letu wala katika mto wetu wowote. Konokono wake huishi katika maji ya chumvi na ya joto ya Bahari ya Hindi, na visiwa vya Maldivi ndivyo vilivyojulikana zaidi kwa kuzivua na kuziuza. Basi kila simbi juu ya kichwa cha babu ilikuwa imetoka baharini na kupita mikononi mwa watu wengi sana mpaka ikafika milimani kwetu. Ile kofia ilikuwa barua, nami niliiuza bila kuisoma. Mimi ninayepima hata vumbi la dhahabu sikuipima kofia ya babu yangu.

Mtu aweza kusema, "Karani, labda simbi zile ziliingia juzi tu, pamoja na misafara ya pembe." Swali zuri, nalo lina jibu. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambako Mto Lualaba hupita, wataalamu walianza kuchimbua makaburi ya kale mwaka 1957. Waliendelea tena miaka ya 1970. Walikuta makaburi mengi yenye vyungu vizuri ajabu, shoka na mikuki ya chuma, na mapambo ya shaba na ya pembe. Katika makaburi ya karne ya 11 hadi ya 13 walikuta pia simbi na ushanga wa kioo wa kutoka bahari ya mashariki. Hiyo ni miaka 200 na zaidi kabla Mreno wa kwanza hajapita katika pwani ya Kilwa.

Na watu wa Sanga hawakuwa maskini waliokuwa wakingoja sadaka. Katika makaburi yao imo misalaba midogo ya shaba, na shaba hiyo ilichimbwa na Waafrika kusini zaidi, katika nchi ya Katanga. Karne zilipopita, misalaba ile ilifanywa midogo na ya ukubwa uliofanana, mpaka ikawa fedha ya kununulia na kulipia. Mnaelewa maana yake, ninyi wachimbaji? Wenzenu wa zamani walichimba, wakayeyusha, wakamimina katika kalibu, na wakakubaliana kipimo, kabla ya kampuni yoyote.

Sasa tuifuate ile simbi kurudi ilikotoka, tushuke pwani. Huko nako kuna maandiko. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, baharia mmoja aliyeandika Kigiriki alitaja mji wa biashara uitwao Rhapta, katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania. Asema watu waliuza pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, na walinunua mikuki, shoka, visu na vitu vya kioo. Ni karibu miaka 2,000 tangu hapo.

Kilichowezesha biashara hiyo ni upepo. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hivi hadi Machi, nao huleta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Uhindi. Kisha upepo hugeuka, kusi ikaanza mwezi wa Aprili na kuyarudisha makwao. Mgeni alilazimika kungoja upepo ugeuke, na katika kungoja huko alikaa, alioa, alijifunza lugha na kufundisha yake. Ndiyo maana miji ikamea pwani kama uyoga baada ya mvua: Shanga, Manda, Malindi, Mombasa, Unguja Ukuu, Kilwa.

Kilwa ilipata nguvu kubwa kwa dhahabu. Dhahabu hiyo haikutoka kwetu Kivu. Ilichimbwa kusini, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikashushwa mpaka bandari ya Sofala, na Kilwa ikaisimamia. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika huko akausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri. Magofu yake yangaliko, na katika udongo wake vimeokotwa vigae vya sahani na mabakuli ya China. Na kule Zimbabwe Kuu, penye kuta za mawe zisizo na chokaa, zimekutwa bidhaa za China na Uajemi, ushanga wa ng'ambo, na sarafu ya Kilwa. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, na watu wa mji wake walimshangaa kama mnyama wa mbinguni.

Tazameni basi jinsi mnyororo ulivyokaa. Mchimbaji wa bara, mchukuzi wa njiani, mfanyabiashara wa Kilwa, baharia wa Uajemi, mfua vito wa Uhindi, mfinyanzi wa China. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Ukimwondoa mchimbaji wa bara, jahazi linarudi tupu.

Hapo ndipo wizi wa namna nyingine ulipoingia, nao ni wizi wa jina. Walowezi wa Rhodesia walipoziona kuta za Zimbabwe Kuu walisema haiwezekani kuwa kazi ya Waafrika. Wakasema ni Wafoinike, au ni Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 mtaalamu David Randall-MacIver alichimba pale akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson alichimba tena, akathibitisha yale yale. Lakini wenye serikali hawakupenda kusikia, na hata katika miaka ya 1970 ukweli huo ulikuwa mgumu kusemwa katika vitabu vya nchi ile. Wananchi walipopata uhuru mwaka 1980 waliipa nchi yao jina la kuta zile. Hiyo ndiyo maana ya kuijua historia: mtu aweza kupata hata jina la nchi yake humo.

Kwa miji ya pwani ilisemwa vile vile, kwamba Waajemi na Waarabu ndio walioijenga na Mwafrika alikuwa mtumwa tu. Lakini huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbuaji walipofika chini kabisa walikuta nyumba za miti na udongo na vyungu vya Kiafrika vya karne ya 8. Nyumba za mawe ya matumbawe zilikuja baadaye, juu yake. Mji ulikua kutoka kijiji cha wenyeji. Na mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya kupima vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Walikuta kwamba upande wa akina mama ulikuwa zaidi wa Kiafrika, na upande wa akina baba kwa wengi ulitoka Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi hadithi ya wazee wa pwani kuhusu wageni wa Shirazi haikuwa uongo mtupu, na aliyesema kwamba Mwafrika hakuwamo alikosa kabisa. Mama wa mji alikuwa Mwafrika, na lugha iliyobaki ni ya mama.

Sasa nakugeukia wewe, kijana wangu wa pili, mwenye simu. Najua moyo wako ni mwema. Umechoka kudharauliwa, nawe umeokota kila sifa uliyoiona njiani. Lakini sifa ya uongo ni kama mchanga unaong'aa. Kwa mbali wafanana na dhahabu, ukifika mezani waaibika mbele ya watu.

Nitakupa mfano. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kadhaa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Hebu fikiri, sarafu ya shaba ya Kilwa katika mchanga wa Australia! Mpenda makuu ataandika mara moja kwamba Kilwa ilitawala Australia. Karani haandiki hivyo. Karani anaandika: sarafu tano za Kilwa, visiwa vya Wessel, mwaka 1944. Sarafu hutembea mbali kuliko mwenyewe. Huenda ilipita katika mifuko ya watu kumi. Jambo hilo kama lilivyo latosha kumshangaza mtu mwenye akili, bila kuliongeza chumvi.

Tena, uwe mwangalifu unaposema sisi tuliwafundisha watu wote. Maneno hayo ni yale yale ya mkoloni, yamegeuzwa shati tu. Yeye alisema, "Mimi ndiye mwalimu, ninyi ni wanafunzi." Habari ya kweli ni nzuri kuliko hiyo. Mhindi wa Amerika ya Kusini alitufundisha muhogo bila kutuona. Mtu wa Asia alitupa mgomba. Mwafrika alimpa Mhindi pembe ya bangili za arusi zake, na alimpa Mwarabu dhahabu ya sarafu. Hakuna taifa lililojizaa lenyewe.

Lakini nisiwadanganye kwamba njia ile ilileta mema tu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Tabora mpaka Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, ikavuka kuja huku na kuendelea mpaka Kasongo na Nyangwe. Kiswahili hiki ninachosema nanyi kilikuja na misafara hiyo. Ujiji ushanga uitwao sofi ulikuwa fedha ya sokoni. Na sokoni humo waliuzwa watu. Wazee wenu waliwasimulieni juu ya vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo shingoni. Njia iliyopitisha simbi ndiyo iliyopitisha pembe, na iliyopitisha pembe ikapitisha mtumwa aliyeibeba. Mwenye kusimulia uhusiano wa mataifa akaficha jambo hili, daftari lake ni la uongo.

Nini kiliiharibu biashara ile? Mambo mengi. Bunduki zilikuwa kwa mmoja na si kwa mwingine. Wareno walipofika mwaka 1498 walikuta bahari ya wafanyabiashara, na mwaka 1505 waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Lakini kwetu sisi wa bara lipo jambo jingine tena, nalo ndilo hasa nililokuja kulisema usiku huu. Sisi tulitoa mali, na mwingine akashika kitabu.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita ziwani kwetu kwa mitumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Watu wa Baraka mnacheka, na mna haki ya kucheka. Mtoto yeyote wa Baraka ajua kwamba Ubwari imeshikana na nchi kavu, mtu aweza kwenda kwa miguu. Lakini kitabu kilikuwa chake, kwa hiyo Ulaya nzima iliamini ni kisiwa, na ghuba yenyewe ya Baraka ikaandikwa katika ramani kwa jina la Burton. Asiyeandika, huandikwa. Na anayekuandika bila kukuuliza hukufanya kisiwa.

Si kwamba sisi hatukujua hesabu. Mwaka 1950 huko Ishango, penye Ziwa Edward, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo uliochanjwa alama katika mistari mitatu, kwa mafungu mafungu. Umri wake ni kiasi cha miaka 20,000. Wataalamu wabishana kama aliyeuchanja alikuwa akihesabu miezi au jambo jingine. Mimi nikiutazama katika picha namwona karani mwenzangu wa Kongo, aliyeweka alama ili asisahau. Na mfupa wenyewe uko wapi leo? Uko Brussels, katika nyumba ya makumbusho. Hata daftari la kwanza hatunalo sisi.

Msidhani haya yote ni ya zamani tu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema mara nyingi kwamba dhahabu nyingi ya mashimo ya Kivu huvushwa mipaka bila kuandikwa, ikaishia Dubai. Dubai iko wapi? Iko katika ile Ghuba ya Uajemi ambako majahazi ya kaskazi yalitokea. Njia ya kale haijafa, ndugu zangu. Imebadili vyombo tu. Siku hizi mzigo hupanda gari na ndege, lakini mnyororo ni ule ule. Mchimbaji wa Lubondja yuko mwanzo, na mwishoni yuko mtu asiyejua kama Lubondja ni mji au ni mto. Na kitabu kiko kwake.

Kwa hiyo nayaleta mbele yenu mambo matatu, si makubwa, yaweza kuanza kesho.

La kwanza ni kwa wachimbaji. Mkiwa shimoni mkakuta kigae cha chungu, chuma cha kale, ushanga au mfupa uliochanjwa, msikitupe wala msikiuze siku ile ile. Kileteni mezani. Nitaandika kitu ni kipi, kimeonekana wapi, kwa kina gani na tarehe gani, na wazee wataitwa wakione. Kitu kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa, kimekuwa bubu milele.

La pili ni kwa vijana wa shule. Chukueni madaftari mwende kwa wazee. Waulizeni majina ya njia, ya vivuko, ya masoko ya zamani, nani alibadilishana chumvi na nani, na samaki wa ziwani walipanda milimani kwa kipimo gani. Andikeni na jina la aliyesema.

La tatu ni letu sote. Mtu asiondoke mezani bila karatasi ya uzito wa dhahabu yake. Najua wengine mwaona ni usumbufu, na wengine mwaniogopa mimi karani. Msiogope. Nikikataa kukuandikia, niulize mbele ya watu. Leo wataka karatasi ya tola moja, kesho utataka kujua ilikwenda wapi na iliuzwa kwa bei gani, na kesho kutwa hutakubali kuambiwa kwamba Ubwari ni kisiwa.

Wale vijana wawili wapo hapa, nawaona. Nawaomba mpeane mikono. Mmoja asiseme tena hatukuwa na kitu. Mwingine asiseme tena kila kitu kilikuwa chetu. Semeni hivi: tulikuwamo.

Nami kofia ya babu siwezi kuirudisha. Nimeandika katika daftari yale ninayoyakumbuka juu yake, idadi ya safu za simbi na jinsi zilivyopangwa. Mzee yeyote aliyeiona kichwani mwake na aje nyumbani kwangu anisahihishe. Meza ipo, na kalamu ipo.